Simu ya nyumbani ikihamia intaneti, nani atawajibika?

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii ilinijia akilini nilipoitwa na mzee mmoja wa Muthurwa, karani mstaafu wa reli anayenijua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani, ili nimsaidie kuchagua kampuni ya kumpa simu ya intaneti nyumbani kwake. "Mwalimu," aliniambia, "nyinyi ndio mliosoma. Simu yangu ya waya imekufa, na hii ya kisasa niliyowekewa nusura inizikie mke." Nilitabasamu kwa adabu, nikidhani ni mzaha wa wazee. Nilipokwisha kusikiliza kisa chake, tabasamu liliniishia.

Wale tuliolelewa katika nyumba za reli tunaikumbuka simu ile. Ilikaa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na nambari yake ilijulikana na ukoo mzima pamoja na nusu ya majirani. Kwa simu hiyo zilipokewa habari za misiba, za watoto waliozaliwa mashambani na za matokeo ya mitihani. Aliyepigiwa aliitwa kwa sauti kutoka mlangoni, naye akaja mbio huku akifunga leso. Mzee hakumtoza mtu anayepokea. Aliyetaka kupiga aliacha sarafu kando ya meza. Kisha wezi wa nyaya za shaba wakaingia kazini, laini ikanyamaza, ikatengenezwa, ikanyamaza tena, na mwishowe ikanyamaza moja kwa moja.

Mpwa wake alimletea kisanduku cha intaneti chenye simu ya mezani, kwa bei nafuu mno. Kwa miezi miwili mambo yalikuwa shwari. Usiku mmoja umeme ulikatika na papo hapo mkewe akashikwa na pumu. Mzee aliinua mkono wa simu asisikie hata mlio. Simu yake ya mkono nayo ilikuwa imeishiwa na chaji. Aliyewaokoa ni jirani aliyegongewa ukuta, akaamka, akapiga simu kumwita dereva wa teksi. Mama alifikishwa hospitalini, akapona. Lakini mzee alibaki na swali ambalo nadhani kila mmoja wetu yafaa ajiulize: mbona simu ya zamani, ambayo sote tuliitukana, haikuwahi kuzimika kwa sababu ya giza?

Jibu si gumu, na walimu wa fizikia wanaweza kulifundisha darasani. Simu ya waya haikutegemea umeme wa nyumba. Nguvu yake, ya volti 48 hivi, ilitoka katika kituo cha simu kwa kupitia waya uleule uliobeba sauti, na kituo hicho kilikuwa na betri kubwa pamoja na jenereta. Mtaa mzima ungeweza kuwa gizani na simu ikalia. Simu ya intaneti, kwa upande wake, huikata sauti vipande vidogo vidogo, ikavituma kama zinavyotumwa barua pepe, na kuviunganisha upya upande wa pili. Kazi hiyo hufanywa na kisanduku kilichochomekwa ukutani kwako. Umeme wako ukienda, nacho kimekwenda. Mzigo wa kuiweka simu hai umehama kutoka kwa shirika hadi kwa mwenye nyumba, wala hapakuwa na mtu aliyemwambia mzee kwamba ameutwikwa.

Ni vyema tukumbuke tulikotoka ili tusije tukaililia simu ya waya kupita kiasi. Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lilikuwa ndilo duka pekee sokoni. Kuomba laini kulikuwa sawa na kuposa binti wa sultani. Ulingoja miaka, na huenda ukajibiwa kwamba hakuna nafasi. Mwaka 1999 shirika hilo liligawanywa, huduma za simu zikaenda kwa Telkom Kenya na usimamizi ukakabidhiwa tume maalumu, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Hata hivyo ukiritimba haukufa siku hiyo. Mwaka 2000 makampuni ya intaneti yalipoanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano humu Nairobi, ili barua ya kutoka Muthurwa kwenda Buruburu isilazimike kuzunguka ng'ambo kwanza, kituo kilifungwa kwa amri, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Kupiga simu kwa intaneti kulikuwa marufuku, na milango haikuanza kufunguka hadi haki ya pekee ya Telkom Kenya ilipokwisha mwaka 2004.

Kisha ikaja mikonga ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mazungumzo yetu ya intaneti na dunia yalipandishwa hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, yakateremshwa tena. Ulisema "hujambo" ukangoja zaidi ya nusu sekunde kabla ya kusikia "sijambo". Mikonga iliondoa pengo hilo. Leo mtu wa Nairobi ana Safaricom, Zuku, Faiba, Poa, na tangu mwaka 2023 hata Starlink wa kumuuzia intaneti. Tulitoka kwa muuzaji mmoja asiye na bidhaa tukafika kwa wauzaji wengi wanaogombania mlango. Hayo ni maendeleo, na asiyeyaona ana lake.

Wapo watakaouliza: ya nini simu ya nyumbani katika nchi ambayo hata mchuuzi wa sukumawiki ana simu ya mkono? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba simu ya mkono humfuata mwenyewe. Akitoka imetoka, akilala imezimwa. Simu ya nyumbani ni ya nyumba. Anayeisikia ndiye anayeipokea, awe mjukuu, mtumishi au jirani. Kwa mzee ambaye macho yake hayaoni tena vitufe vya kioo, na ambaye watoto wake wamekariri nambari moja tangu utotoni, hiyo si anasa. Zaidi ya hayo, simu zetu za mkono nazo zinahamia kwenye intaneti mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo anayedhani mambo haya ni ya wazee wa Muthurwa peke yao na asubiri kidogo.

Tuliwaita mawakala watatu wa makampuni matatu, ambayo sitayataja. Kila mmoja alianza kwa kutusifia kasi. Hapa ndipo mnunuzi hupotezwa njia. Mazungumzo ya simu moja huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, kwa hivyo megabiti moja hubeba mazungumzo kama kumi. Simu haihitaji kasi kubwa, huhitaji utulivu. Vipande vya sauti vikichelewa au vikipotea njiani, utasikia maneno yaliyokatika mithili ya mtu anayezama, hata kama umenunua kasi ya kutazamia filamu tano kwa pamoja. Asiye na haja ya filamu hana sababu ya kulipia filamu.

Badala ya kasi, tuliwauliza maswali manne. La kwanza: umeme ukikatika, simu hii itaishi kwa muda gani? Tuliwakumbusha usiku wa tarehe 25 Agosti mwaka 2023, ambapo giza lilitanda sehemu kubwa ya nchi na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. La pili: je, tutapewa nambari kamili, inayoweza kupigwa kutoka simu yoyote, na tukihama tutaondoka nayo? Mpango wa kuhama na nambari uliozinduliwa nchini mwaka 2011 ulikuwa wa simu za mkono, kwa hivyo swali hili halina jibu la kudhaniwa. La tatu: tukipiga 999 au 112, simu itapita? La nne: ikiharibika, fundi atakuja baada ya siku ngapi, na je, ahadi hiyo itaandikwa?

Wakala wa kwanza alirudia habari za kasi. Wa pili, kijana mpole, alikiri kwamba nambari ni mali ya kampuni na kwamba betri hajawahi kuulizwa habari zake. Wa tatu aliuza intaneti ya kasi ndogo kuliko wenzake, na kwa shilingi mia kadhaa zaidi kwa mwezi, lakini alileta betri ya kukiweka kisanduku hai kwa saa chache, akaipiga 999 mbele yetu tukasikia ikijibiwa, akaomba radhi kwa usumbufu, kisha akaandika kwa mkono wake kwamba fundi atafika katika muda wa siku mbili. Mzee hakuuliza la tano. "Huyu ameweka sahihi," alisema, na shauri likaisha. Rahisi huvunja upishi, na upishi wa kwanza ulikwisha kuvunjika.

Swali la tano, msomaji, liliulizwa na wakala. Alitazama kuta kuukuu akasema: "Nyumba hii ni ya nani?" Mzee akajibu, "Ya reli, ya pensheni, ya mahakama. Mimi ni mpangaji." Muthurwa ilijengwa enzi za ukoloni kwa wafanyakazi Waafrika wa reli, na baadaye ikawa chini ya hazina ya pensheni ya wafanyakazi hao. Mwaka 2010 wapangaji walitakiwa kuhama. Wakaenda kortini, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa. Lakini uamuzi wa mahakama si hati ya kumiliki. Ni kampuni gani itachimba mtaro na kutandaza nyaya penye nyumba ambazo haijui kama zitasimama mwaka ujao? Ndiyo sababu mzee alibakiwa na huduma za hewani peke yake. Aghalabu tukitaja maeneo yaliyosahauliwa na mawasiliano, twafikiria Turkana na Mandera. Mtu anaweza kusahauliwa akiwa mwendo wa dakika chache kutoka steshenini Nairobi.

Na tusidhani wenzetu wa ng'ambo wamelivuka jambo hili kwa wepesi. Nchini Uingereza mtandao wa kale wa simu ulikuwa uzimwe mwishoni mwa mwaka 2025. Ilipoonekana kwamba wazee na wagonjwa wenye vifaa vya kuitia msaada wangeachwa hatarini, tarehe ilisogezwa hadi Januari 2027. Msimamizi wa huko huyataka makampuni yawape wateja wanaoitegemea simu ya nyumbani njia ya kupiga simu za dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika. Huko simu ya waya inazimwa kwa tarehe, kwa ilani na kwa masharti. Kwetu ilikufa kimyakimya, waya mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyesoma wasia.

Pia kuna la Ghuba. Binti wa mzee anafanya kazi Dubai. Wengi hudhani ukiwa na intaneti basi WhatsApp itatosha, kumbe katika Falme za Kiarabu kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa. Maelfu ya mama wa Kenya walio na watoto huko wanalijua hilo kwa uchungu. Mwenye nambari ya kawaida bado anaweza kupigiwa na mwanawe siku ya dhiki. Asiye nayo hutegemea ujumbe na bahati.

Ninavyoona mimi, basi, kuchagua kampuni ya simu ya intaneti ni kuchagua atakayewajibika saa nane za usiku. Bei na kasi hufuata baadaye. Lakini si haki kumwachia mzee wa miaka sabini na kitu kazi ya kuwahoji mawakala. Mamlaka ya Mawasiliano yafaa iyalazimishe makampuni yaeleze, kwa Kiswahili na kwa maandishi, majibu ya maswali manne niliyoyataja, kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Katiba yetu, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo ya kutosha kuhusu anachokinunua. Tunachodai hapa kimekwisha kuahidiwa.

Nanyi walimu wenzangu, chukueni mkataba mmoja wa intaneti mkausome na wanafunzi wa kidato cha tatu kama mnavyosoma ufahamu. Waulizeni ni nani anayeahidi, anaahidi nini, na ni nini kilichoachwa bila kusemwa. Wanafunzi nao warudi nyumbani wakaitazame simu ya babu na nyanya, kisha wazime umeme kwa dakika moja waone kama bado inalia.

Mzee aliniarifu juzi kwamba umeme ulikatika tena. Alinipigia akiwa gizani kuniambia hivyo, na maneno yake yalinifikia bila kukatika. Nilipomuuliza hali ya mama, alimpa mkono wa simu aniamkue mwenyewe.