Fedha ya Dhahabu Haitatufaa Sokoni

Mwaka 2025, mabenki ya Bukavu yalipofungwa na fedha taslimu zikaadimika kule ng'ambo, hapa Kamembe yalizuka maneno ambayo wenzangu wengi huyarudia hata sasa. Husema noti ni karatasi tu. Basi kwa nini wafanyabiashara wa kingo mbili za Rusizi wasitoe fedha yao wenyewe, yenye dhahabu ya Kivu nyuma yake? Mimi sikubaliani nao, na naomba nafasi nieleze.

Jambo hili si geni. Mwaka 1890 kampuni ya Kidachi, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ilianza kutoa rupia za fedha na pesa za shaba. Rupia yake ilikuwa na uzito ule ule wa rupia ya Bara Hindi, ambayo watu wa pwani walikwisha kuizoea, kwa hiyo mwenye mizani hakuwa na haja ya kuiamini kampuni. Baadaye serikali ya Wadachi iliichukua kazi hiyo, na tangu mwaka 1904 rupia moja ikahesabiwa hela 100. Rwanda ilikuwa ndani ya himaya yao. Hela zenyewe zimekwisha, lakini neno limebaki katika Kiswahili, na wengi hawajui kuwa ni la Kidachi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na njia ya baharini ikafungwa. Mwaka 1916, katika karakana ya reli karibu na Tabora, Wadachi walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa 16,000 hivi. Lakini kwa haja za kila siku walipiga hela za shaba ya manjano na kuchapa noti za haraka haraka, maana ni nani angetoa dhahabu kununua mihogo? Mwezi wa Septemba Wabelgiji waliingia Tabora. Sarafu zile za tembo leo ziko kwa wakusanyaji wa sarafu, tena kwa bei kubwa mno.

Hata sisi tunayo sarafu ya namna hiyo. Mwaka 2008 ilitolewa sarafu ya aunsi moja ya fedha safi, gramu 31 hivi, yenye jina la Rwanda, picha ya sokwe mkubwa wa milimani, na thamani ya faranga 50. Sijaiona sokoni Kamembe hata mara moja, wala sitaiona. Mwenye akili hatoi gramu 31 za fedha kulipia kitu cha faranga 50, huifungia sandukuni.

Labda wataniambia dhahabu ikae katika kasha la chuma, nasi tuchukue hati zake tu. Zimbabwe ilifanya karibu hivyo mwezi wa Aprili 2024: fedha mpya, ZiG, yenye dhahabu na fedha za kigeni nyuma yake. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule benki kuu iliishusha thamani kwa asilimia 43 hivi. Nayo ni serikali! Sasa chama cha wachuuzi kingeweka kasha lake wapi, Kamembe au Bukavu? Na mpaka ukifungwa, ufunguo uko kwa nani? Dhahabu ya Kivu hupita mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ina bunduki.

Mama anayevuka daraja na beseni la nyanya anahesabu kwa faranga ya Rwanda, faranga ya Kongo na dola. Na dola ikiwa na mpasuko mdogo tu, hukataliwa. Hasara yake iko katika kuvunja fedha. Kwa akiba anacho kikundi chake cha ikimina, ambapo kila mmoja anamjua anayeshika sanduku. Ningependa wavunja fedha waandike bei ya asubuhi ubaoni, pande zote mbili za daraja, kwa herufi ambazo mtu mwenye mzigo kichwani anaweza kuzisoma bila kusimama.