Majumba ya sinema njia ya Nyeri yameishia wapi?

Abiria atokaye Nyeri, akiisha kupita Karatina, Sagana na Thika na kuanza kuona maghorofa ya Nairobi, husikia makanga akipiga kelele: "Globe! Wa Globe wajitayarishe!" Abiria hukusanya mizigo yao, pengine kikapu cha viazi na kuku mmoja, wakashuka. Ukimwuliza kijana ashukaye hapo Globe ni kitu gani, atakwambia ni steji. Hakosi, maana ndivyo ilivyo siku hizi. Lakini Globe lilikuwa jumba la sinema. Filamu zilikoma kuonyeshwa humo zamani, na ule mzunguko wa barabara uliopewa jina lake umepandishiwa barabara za juu wakati wa ujenzi wa barabara kuu ya Thika, uliomalizika mwaka 2012. Jina ndilo lililokataa kufa.

Si mbali na hapo, katika mtaa wa Ngara, palikuwa na jumba jingine, Shan. Hili nalo ni sinema ya mtaani, si ya katikati ya jiji kama Kenya Cinema au Twentieth Century. Serikali ya kikoloni iliugawa mji wa Nairobi kwa rangi za ngozi: Wazungu kwenye vilima vya magharibi, Waafrika mashariki, na Wahindi katika Ngara, Pangani na Parklands. Kwa hiyo Shan lilikuwa jumba la wenyeji wa Ngara, na picha zake zilikuwa za Kihindi. Watu walikwenda kwa familia, nyanya na wajukuu, na picha yenyewe ilikuwa ndefu hata mtoto akalala na kuamka kabla bibi arusi hajapata mume.

Huenda msomaji wa Nyeri akauliza, ya Ngara yanatuhusu nini sisi wa mlimani? Yanatuhusu sana. Barabara yetu ya kuingilia Nairobi hupita mlangoni pa majumba hayo. Baada ya uhuru, mlango wa sinema ulipokuwa wazi kwa kila mwenye nauli ya kurudi nyumbani na shilingi chache za tiketi, vijana waliotoka Othaya, Mukurwe-ini na Kerugoya kutafuta kazi walijifunza mji kwa njia mbili: kupanga foleni milangoni mwa viwanda siku za kazi, na kupanga foleni ya sinema siku ya Jumapili. Huko ndiko walikomjua Bruce Lee. Huko ndiko walikoona Sholay, picha ya mwaka 1975, wakarudi kijijini wakimwigiza Amitabh Bachchan bila ya kujua neno moja la Kihindi. Mwafrika na Mhindi, ambao mchana walionana kaunta ikiwa katikati yao, walikaa gizani safu moja wakacheka mahali pamoja. Sidai kwamba walitoka humo wakiwa ndugu. Nasema tu kwamba mahali pa namna hiyo palikuwa pachache, na pangali pachache.

Huku kwetu sinema ilikuja kwa magurudumu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, ukiongozwa na Meja Notcutt na kugharimiwa na Wamarekani. Picha zake zilizungushwa kwa gari katika nchi kadha za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Zilifundisha kilimo, afya na kuweka akiba. Mafunzo mema, lakini yalikuwa ya upande mmoja: aliyekuwa na kamera alisema, aliyekaa chini kwenye nyasi alisikiliza.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952. Tangu mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Magari ya sinema ya idara ya habari yaliwafuata humo humo, yakiwaonyesha picha za serikali. Na wakati uo huo, ng'ambo, watu walikuwa wakinunua tiketi kwenda kututazama sisi. Mwaka 1955 Waingereza walitoa picha iitwayo Simba, juu ya vita vya Mau Mau. Mchezaji wake mkuu, Dirk Bogarde, hata hakufika Kenya, wakamtafuta mtu wa kufanana naye apigwe picha huku kwa mbali. Mwaka 1957 Wamarekani nao wakatoa Something of Value, ambamo Sidney Poitier alikuwa Kimani. Mlima wetu ulijaa katika viambaza vya London na New York, na mwenye mlima amefungiwa ndani ya handaki akionyeshwa namna ya kuchimba matuta!

Baada ya uhuru gari la sinema liliendelea, sasa likiletwa pia na kampuni za matangazo ya sabuni na dawa za kichwa. Watu wa rika langu hawawezi kulisahau. Mchana kipaza sauti kilipita sokoni kikitangaza. Magharibi shuka jeupe lilitundikwa kiwanjani, jenereta ikaanza kunguruma, na baridi ya mlima ikashuka bila mtu kuijali. Sisi wadogo, kwa kukosa nafasi mbele, tulikaa nyuma ya shuka, tukaona waendesha ng'ombe wa Marekani wote wakipiga bastola kwa mkono wa kushoto na maandishi yakienda kinyumenyume. Tiketi haikuwako. Lakini ukumbi nao haukuwako. Gari likiisha kuondoka, kiwanja kilirudi kuwa kiwanja.

Kwa nini basi yale majumba yenyewe yalifungwa? Wengi hukimbilia kuilaumu video. Kuna ukweli hapo, ila hadithi inaanza mapema zaidi. Wahindi walipewa miaka miwili baada ya uhuru kuomba uraia, na wengi hawakuomba. Mwaka 1967 zikaja sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, zilizowazuia wasio raia kufanya biashara nje ya sehemu fulani za miji. Mapema mwaka 1968 maelfu walipanda ndege kwenda Uingereza kabla mlango wa huko haujafungwa nao. Nia ya kuwapa Waafrika nafasi ya biashara ilikuwa ya haki, wala siipingi. Lakini watazamaji wa picha za Kihindi walipungua, na wenye mtaji na ujuzi wa kuziagiza wakapungua pamoja nao. Ngara ilibakiwa na wateja wa kutosha kuendelea kwa miaka kadha. Mji mdogo haukuwa na akiba hiyo. Video ilipoenea katika miaka ya 1980, na stesheni ya pili ya televisheni, KTN, ilipofunguliwa mwaka 1990, zilikuta nguzo zimekwisha kuliwa na mchwa.

Shan lilipata bahati. Shirika la Sarakasi, lililoanzishwa mwaka 2001 kufundisha vijana michezo ya sarakasi na ngoma, lililichukua likaligeuza kuwa ukumbi wa maonyesho. Uwanja wa Belle-Vue, barabara ya Mombasa, ambapo watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari, ulikuja kutumiwa na kanisa la Mavuno. Sina ugomvi na kanisa. Afadhali jumba lililojaa waimbaji kuliko lililojaa popo.

Na hamu ya picha haikufa. Ingia kibanda cha video katika soko lolote la Kirinyaga au Nyeri, uone vijana waliobanana kwenye mabenchi wakimsikiliza DJ Afro akiwatafsiria mapigano ya Wachina kwa Kiswahili cha mtaani, akiwapa majambazi majina ya kwetu. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Michezo ya kuigiza nayo ilijitafutia pa kukaa: marehemu Wahome Mutahi, mwana wa Nyeri aliyetuchekesha kwa safu yake ya Whispers hadi alipofariki mwaka 2003, alipeleka michezo yake ya Kikuyu katika mabaa. Watu walilipa na kujaa. Lakini baa si mahali pa kumpeleka mtoto wa miaka kumi, wala kibanda si mahali ambapo mama wa makamo angependa kuonekana akiingia saa mbili usiku. Waliokuwa wakienda Shan kwa familia hawana pa kwenda.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo ni la leo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imetaja sinema kwa jina. Imezitia, pamoja na maonyesho ya video, katika kazi za serikali za kaunti. Basi tangu mwaka 2013 Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru na Laikipia zimekuwa na jukumu hilo mikononi. Ukisoma orodha yenyewe utaona inaanza na kamari, ikafuata mashindano ya mbio, kisha leseni za pombe, na mara baada ya pombe ndipo sinema, kisha video, maktaba na makumbusho.

Leseni za pombe zilipata sheria na kamati zake katika kaunti nyingi bila kukawia, maana zina mapato. Sinema imepata nini? Mwenye kibanda hulipa kibali cha biashara cha kaunti, kisha hutakiwa kulipa Bodi ya Filamu kwa sheria ya Sura ya 222, sheria yenye asili ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Anatozwa mara mbili kwa mabenchi na televisheni moja. Wakati huo huo kaunti zimerithi kumbi za jamii kutoka kwa mabaraza ya zamani ya miji. Ukumbi wa namna hiyo ukipewa projekta, pazia zito madirishani na mtu wa kukata tiketi Jumamosi jioni, gharama yake haiwezi kulingana na ya kongamano moja la wakubwa hotelini. Na filamu zipo, za vijana wa hapa hapa, wanaozipiga Gikondi na Chuka kisha wakazitia katika simu kwa kukosa ukumbi.

Madiwani wetu huisafiri barabara hiyo ya Thika kila mara wakienda Nairobi kwa mikutano yao, na hupita Globe kwenda na kurudi.