Dungu Nalo ni Nyumba

Akina mama wapendwa, mwezi huu hatutazungumzia nyumba ya mjini. Hiyo tunajua mnaitunza: mnafagia, mnadeki, na pazia likichanika linashonwa siku hiyo hiyo. Leo tunaomba tupande pamoja ngazi ya dungu.

Kwa msomaji aliye mbali na kwetu, hapa Ifakara na bonde zima la Kilombero mashamba mengi ya mpunga yako mbali na nyumbani. Mvua zikianza, familia huhamia shamba na kukaa huko hadi mavuno, katika kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji na wanyama wasitufikie, na ili tupate mahali pa kuamia ndege. Hilo ndilo dungu. Watoto wa shule wengi hubaki mjini kwa bibi yao, bali wachanga hufuatana na mama zao.

Tunalo la kukiri. Sisi wauguzi kwa miaka mingi tumewakaripia akina mama waliotuletea watoto wakiwa tayari wana degedege. "Ulikuwa wapi siku zote?" ndivyo tulivyouliza. Wakati huo hatukuwa tumelala dunguni hata usiku mmoja.

Miaka michache iliyopita tulikwenda na wenzetu wa kanisani kumtembelea mama mmoja aliyejifungua, tukakutwa na mvua huko huko shambani, ikabidi tulale kwa jirani yake. Ukuta wa matete ulikuwa umeachia, na kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya wa kupitisha mkono mzima. Watu watano walilala chini ya chandarua kimoja, kimechanika upande wa miguuni. Simu ya baba ilikuwa imeishiwa chaji tangu juzi. Usiku wa manane mtoto wa miaka miwili akaanza kuchemka. Wauguzi tulikuwepo, lakini mikono mitupu! Tulimpunguza nguo, tukamnywesha maji kidogo kidogo, tukangoja kuche. Alfajiri baba alimbeba, tope likimfika magotini, na kabla hawajafika barabarani mtoto akashikwa na degedege. Alipona, namshukuru Mungu pamoja na mama yake. Lakini neno la mama huyo halijatutoka: "Dada, hapa ni pa msimu tu, ndiyo maana hatupatengenezi."

Msimu huo, wapendwa, ni karibu nusu ya mwaka. Mtoto anayekulia dunguni kila masika amelala huko usiku mwingi kuliko tunavyofikiri.

Matengenezo yafanyike kabla ya mvua, nyasi zikiwa kavu na njia ikipitika. Tazameni nguzo kwanza, kwa maana mchwa hula kule chini tusikoona. Wengi hupaka oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Ngazi iwe na vipago vilivyokaza, na juu pawepo kizuizi cha fito, kwani mtoto anayetambaa hajui mwisho wa sakafu. Paa linalovuja liezekwe upya, msitegemee turubai lenye matundu.

Kisha ule mwanya. Mbu wa malaria huingia sana kwa kupitia hapo juu, kati ya ukuta na paa. Zibeni kwa matete yaliyosukwa, kwa udongo, au kwa wavu wa madirisha kama mfuko unaruhusu. Moshi wa jikoni hausaidii kiasi tunachodhani, na macho ya watoto ndiyo yanayoumia.

Chandarua chenye dawa kina historia katika bonde letu. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua hivyo viliuzwa kwa mpango maalumu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kuvitumia kuliongeza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 27. Siku hizi mbu wengi wa hapa wameizoea dawa ya vyandarua, kwa hiyo tundu la kidole halisameheki tena. Shoneni. Kila kitanda na chake, kamba nne, pindo likunjwe chini ya mkeka. Na kile cha kuzungushia bustani kiwe kweli kimechakaa.

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu pia mikanda ya gunia la katani yenye dawa ya kufukuza mbu, inayofungwa chini ya paa bila kuhitaji umeme, hata katika vibanda vya wakulima wanaohamia shamba. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalitia moyo. Ila msijichanganyie dawa za dukani nyumbani, tafadhali.

Taa ndogo ya sola wengine huiita anasa. Sisi tunaiita dawa. Kibatari chini ya paa la nyasi ni hatari tupu, na sola hiyo hiyo huchaji simu ya kumwita bodaboda usiku. Mtoto mwenye homa apimwe ndani ya saa 24. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au mwenye degedege asingoje hata kuche kama njia inapitika.

Fedha? Baba atasema bati za mjini kwanza. Mwambie kwa upole, mpunga ukiwa bado haujauzwa, mtenge gunia moja la dungu.

Yule mama alifanya hivyo. Tulipopita tena, mwanawe alipanda ngazi mpya peke yake kuja kutuamkia. Malalamiko yake yalikuwa moja tu: taa ya sola baba anaichukua kila jioni akachezee bao kwa jirani.