Anasa Iliyovikwa Joho la Kubana Matumizi

Kila zama huzua vazi lake la anasa. Baada ya Uhuru wananchi waliwaita "wabenzi" wale waliodhani kwamba bendera ilipandishwa ili wao wapate Mercedes-Benz. Baadaye likaja "shangingi", nalo likalaumiwa hadharani mijini na vijijini. Sasa anasa imevumbua hila mpya: inabisha hodi ikidai kwamba imekuja kubana matumizi.

Tuanze kwa haki. Gari la mseto, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ni ufundi wa kusifiwa. Toyota walianza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997. Gari hilo linapopunguza mwendo au kushuka mlima, sehemu ya nguvu ambayo ingepotea bure hugeuzwa umeme na kuwekwa katika betri. Likiondoka tena, mota huisaidia injini, na petroli huokolewa. Anayeujua mteremko wa Magara, ashukapo kutoka nyanda za juu za Mbulu, ataielewa mara moja maana ya ufundi huu. Nchi inayoagiza petroli yake kutoka ng'ambo haina sababu ya kuudharau.

Lakini ubepari hauachi chombo cha manufaa kibaki chombo cha manufaa. Mwaka 2011 kampuni hiyo hiyo, kwa jina lake la kitajiri la Lexus, ilikuwa ikiuza gari liitwalo CT 200h. Ukifunua boneti unakuta injini ya lita 1.8 iliyomo katika Prius ya wakati huo. Kilichoongezwa ni viti vya fahari, ukimya ndani ya gari, muziki mzuri na nembo ya kutambia. Bei ikapanda, lakini petroli haikuokolewa zaidi. Mnunuzi hakulipia akiba. Alilipia kutofanana na wenzake.

Mtu akilinunua kwa jasho lake, hilo ni shauri la mfuko wake. Hoja yetu inamhusu mtumishi wa umma. Siku atakapoomba gari la kifahari kwa fedha za wananchi, kisha akaandika kwamba sababu ni kuokoa mafuta, hapana budi aulizwe: mbona gari la kawaida lenye injini hiyo hiyo halikutosha?

Na aulizwe swali hilo akiwa Mbulu na Hanang, si katika lami ya mjini. Huko Haydom iko hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo wagonjwa huifuata kutoka mbali. Mama mjamzito anayepelekwa huko wakati wa masika hahitaji kiti cha ngozi. Anahitaji gari lililoinuka, lenye magurudumu yanayoshika tope, na lenye dereva na mafuta. Gari la fahari lililokaa chini litamfaa nini?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Je, siku ile nani aliulizia nembo ya gari? La hasha! Kilichotakiwa ni katapila la kuondoa tope, malori ya chakula na magari ya wagonjwa. Msiba ule ulituonyesha thamani ya kila chombo.

Ndugu walimu na watumishi, ninyi ndio mnaoandika makisio na kujaza hati za ununuzi. Msikubali neno "akiba" litumike kama pazia. Kwa safari za mjini, gari la mseto la kawaida latosha. Kwa njia za Dongobesh na Basotu, linunuliwe gari la kazi. Ufundi tuuchukue, ufahari tuuache.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi masharti, na masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini hakuna kikao kilichowahi kulegeza ukweli huu: kila shilingi ya nembo ni shilingi iliyotolewa mfukoni mwa mkulima. Mtumishi anayemwonea haya mkulima huyo hatahitaji kukatazwa. Asiyemwonea haya, tumkatae mchana kweupe.