TAHARIRI: Tumewaandalia nini watoto wetu siku ya Idi?



Wazazi wengi katika misikiti yetu wanalifahamu swali hili. Mtoto wa miaka mitano au sita amerudi kutoka shule ya awali na kadi ya mwaliko: mwenzake anasherehekea siku ya kuzaliwa. Kutakuwa na keki, mabaluni, michezo na zawadi. Naye anauliza, "Mama, yangu mimi lini?" Jibu tulilozoea kulitoa ni fupi: sisi Waislamu hatuna jambo hilo, siku yetu ni Idi. Mtoto hunyamaza, na mzazi hudhani kwamba suala limekwisha.

Hatukusudii kurejea hapa hoja za kisheria kuhusu sherehe hizo. Msimamo wetu unafahamika: Allah (s.w.) ametupatia akika mtoto anapozaliwa na Idi mbili kila mwaka, na hatuoni haja ya kuazima nyingine. Tunachotaka kujiuliza leo kinatuhusu sisi wenyewe. Ikiwa tumemwahidi mtoto kwamba furaha yake iko katika Idi, je, Idi inapofika huwa tumemwandalia nini?

Tuseme ukweli. Kamati zetu hukutana kujadili vipaza sauti, majamvi na nani atakayekhutubu. Ni nadra kumkuta mjumbe aliyepewa jukumu la watoto. Baada ya swala, watu wazima hutembeleana, hula na hupumzika. Mtoto aliyevishwa nguo mpya hupewa shilingi chache mkononi na kuambiwa akatembee. Huko nje yupo aliyejiandaa kumpokea, naye ni mwenye ukumbi wa disko toto.

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika msongamano ndani ya ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu na awape subira wazazi wao. Hatuwalaumu wazazi hao, kwani walichofanya ndicho kilichokuwa kikifanyika katika miji yetu mingi. Lakini tukio lile linatuachia swali zito. Watoto wale walitoka kwenda kutafuta mchezo siku ya Idi. Laiti msikiti wa kila mtaa ungekuwa na uwanja na watu wa kuwachezesha, ni wangapi wangekuwa na sababu ya kwenda kubanana ukumbini?

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba kushughulikia michezo ya watoto ni kupoteza wakati. Hao tunawakumbusha mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza. Hakuwaambia waziache kisha wakae mikono mitupu, bali aliwafahamisha kwamba Allah amewabadilishia siku mbili zilizo bora kuliko hizo, Idi el Adh'ha na Idi el Fitri. Siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, naye akamwacha Bi Aisha (r.a.) atazame mpaka alipotosheka mwenyewe. Bi Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) amesimulia kwamba masahaba walipowafungisha watoto wao siku ya Ashura, waliwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, ili mtoto aliapo kwa njaa apewe hadi wakati wa kufuturu. Ikiwa walikumbuka kumwandalia mtoto kitu cha kuchezea siku ya funga, sisi tuna udhuru gani siku ya furaha?

Kwa hiyo tunapendekeza kila kamati ya msikiti iteue watu, wanaume kwa wanawake, wapange michezo ya watoto wiki mbili kabla ya Idi. Gharama zake si kubwa. Uwanja wa madrasa unatosha. Wakati unaofaa ni asubuhi baada ya swala na kifungua kinywa, kabla jua halijawa kali, na saa mbili zinatosha kabisa.

Jambo la kwanza ni kuwagawa watoto kwa umri. Mtoto wa miaka minne akichanganywa na wa miaka kumi ataangushwa, atalia, na hatataka kurudi. Wadogo wapewe michezo isiyo na mshindi: kupitisha mpira katika duara, kutafuta vitu vilivyofichwa, kupaka rangi, kusikiliza kisa kifupi kutoka kwa msimulizi hodari. Kila mchezo usizidi dakika kumi, kwani subira yao ni fupi. Wenye miaka saba na kuendelea wana michezo yao waliyoirithi mitaani: kombolela, rede, mdako, kuvuta kamba, mbio za magunia, na mbio za kubeba ndimu kwenye kijiko. Kwa walio wakubwa zaidi, chemsha bongo ya mambo ya dini inafaa, lakini isigeuzwe kuwa mtihani wa madrasa. Kaswida na dufu navyo vina nafasi yake siku hii.

Pili, tujihadhari na michezo inayomtoa mtoto kila anapokosea. Anayetolewa mwanzo aghalabu ni yule mdogo au mzito, yaani yule yule aliyehitaji kucheza zaidi. Mashindano yakiwepo, zawadi ya mshindi iwe ndogo, na kila mtoto aondoke na kitu mkononi, hata kama ni penseli na kipande cha halua.

Tatu, usalama. Kila kundi la watoto wanane au kumi liwe na mtu mzima wa kulisimamia, ambaye anawajua kwa majina na hana kazi nyingine kwa muda huo. Milango yote iwe wazi. Maji ya kunywa yawepo. Karanga, peremende ngumu na vipande vya baluni lililopasuka visiwafikie walio chini ya miaka minne, kwa kuwa huwapalia na vinaweza kuua. Pasiwe na mtoto anayeondoka bila kukabidhiwa kwa mtu wake.

Nne, na hili ndilo linaloitofautisha Idi na hafla za kuzaliwa. Hafla ile ni ya aliyealikwa na mwenye zawadi ya kupeleka. Idi ni ya kila mtoto. Zakatul fitri hutolewa kabla ya swala ili maskini naye asiikose siku hiyo, na michezo yetu ifuate njia hiyo hiyo. Pasiwe na kiingilio. Yatima afuatwe nyumbani kwao. Mtoto mlemavu atengewe mchezo anaouweza, na asiye na nguo mpya asipangwe nyuma wakati wa kupiga picha.

Ndugu Waislamu, mtoto hazishiki hoja zetu kuhusu sherehe zipi zinafaa na zipi hazifai. Anachokishika ni mahali alipocheka na watu waliocheka naye. Tukimkataza furaha ya wenzake, kisha tukampa Idi ya kukaa kibarazani na nguo mpya, tutakuwa tumemfundisha kwamba dini yake ni dini ya kunyimwa. Idi ijayo haiko mbali. Kamati zianze sasa, na kila mzazi mwenye nafasi ajitolee saa mbili tu.

Wabillahi tawfiq.