Polepole Peke Yake Haitoshi

Haraka haraka haina baraka, walinena wahenga. Nasi wahudumu wa afya tumeligeuza neno hilo kuwa cheti cha daktari. Mzee akilalamika kuwa miguu imelegea, twamwagiza mazoezi, kisha twaongeza: "Polepole, baba." Naona ushauri huo ni nusu tu ya haki yake.

Ni kweli kwamba mwenye kutaka nguvu za kubeba anaweza kuinua taratibu, mradi mzigo uwe mzito wa kutosha. Lakini maisha hudai pia nguvu zifike kwa wakati. Mama anayetoka soko la Tandale na kikapu chake, akiteleza kwenye kichochoro chenye matope karibu na Mto Ng'ombe, ana muda usiotimia sekunde moja wa kuutupa mguu mbele. Mguu wenye nguvu lakini mzito wa kuitika hautamwokoa, na nyonga ikivunjika, nyumba nzima huumia.

Misuli ina nyuzi za taratibu na nyuzi za haraka. Uzee hudhoofisha zaidi hizi za haraka. Ndiyo maana wepesi hutoweka mapema kuliko nguvu zenyewe. Nyuzi hizo huitwa kazini na mzigo mzito, au na nia ya kusukuma upesi hata mzigo ukiwa mwepesi. Kwa hiyo bibi hahitaji vile vyuma vya makopo ya saruji wanavyoinua vijana wa mtaani. Uzito wa mwili wake watosha kuanzia.

Atafute kiti imara, akiegemeze ukutani. Wiki za kwanza ajifunze kusimama na kuketi taratibu. Akishaimarika, asimame upesi huku akitoa pumzi, kisha aketi kwa hesabu ya tatu. Afanye mara nane, apumzike, arudie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na mizani angalau siku 3 kwa wiki. Mwenye maumivu ya kifua, goti lililovimba, au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, amwone kwanza mtaalamu.

Basi tusiliache neno polepole, bali tuliweke mahali pake: kushuka polepole, kuinuka upesi.