Kifafa cha mimba si karuho, na uchunguzi unaonyesha kinapoanzia

BUKAVU – Mama mwenye mimba ya miezi nane anavimba uso na mikono. Kichwa kinamuuma siku mbili, macho yanaona nyota nyota. Usiku anaanguka na kutetemeka. Mitaani Kadutu, au vijijini Walungu na Kalehe, neno linalotoka kwanza mara nyingi ni karuho au pepo, na mke mwenza anaanza kuangaliwa vibaya. Wakati mchawi anatafutwa, mama anazidi kwenda.

Ugonjwa huo unaitwa preeklampsia, na ukifika kwenye degedege ndipo unakuwa kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba preeklampsia inaua wanawake karibu 46.000 kila mwaka duniani. Si jambo la kuachia waombezi peke yao.

Miaka mingi waganga walijua dalili tu: tansio kupanda hadi 14 kwa 9 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba, na mara nyingi protini katika mkojo. Leo uchunguzi umefika mbali zaidi, nao unaelekeza kidole kwenye kondo la nyuma. Katika wiki za kwanza, chembe za kondo huingia ndani ya mishipa midogo ya kizazi na kuipanua ili damu imfikie mtoto vizuri. Kwa wanawake wengi wanaopata ugonjwa huu mapema, kazi hiyo ilifanyika nusu nusu. Kondo linakosa damu ya kutosha, kisha linamwaga ndani ya mwili wa mama protini zinazoharibu mishipa ya figo, ini na ubongo. Mwaka 2003, Ananth Karumanchi na wenzake mjini Boston, Marekani, walionyesha moja ya protini hizo, iitwayo sFlt-1. Ilipopandishwa katika damu ya panya wenye mimba, panya hao walipata tansio ya juu na protini katika mkojo. Hakuna jirani aliyewaroga.

Kuna ushahidi mwingine ambao mtu yeyote anaweza kuuelewa. Mimba zabibu, ambayo mara nyingi haina mtoto kabisa ndani yake, huweza kuleta preeklampsia. Na ugonjwa huanza kupona kondo likitoka, ingawa degedege huweza kumkamata mama hata siku chache baada ya kuzaa. Kwa nini mishipa ya huyu inapanuka na ya yule inakataa, wanasayansi bado wanabishana: wengine wanaangalia urithi, wengine kinga ya mwili. Lakini hakuna kati yao anayemhesabia mama kosa.

Basi kama jambo linaanza wiki za kwanza, mama anayefika kwenye CPN mara ya kwanza akiwa na miezi sita amekwisha kukosa dirisha kubwa. Hapa Kongo ina neno la kusema. Wanawake Wakongo, kupitia Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa, walikuwa kati ya karibu 12.000 wa nchi 6 waliojaribiwa aspirini ya kipimo kidogo katika mimba yao ya kwanza, kuanzia kati ya wiki ya 6 na ya 13. Matokeo yalitoka katika jarida The Lancet mwaka 2020: kuzaa kabla ya wakati kulipungua kwa asilimia 11, na waliozaa kabla ya wiki 34 wakiwa na ugonjwa wa tansio walipungua kwa zaidi ya nusu. Wanawake hao walitoa miili yao kwa elimu hiyo. Ni haki dada zao wa Shabunda na Fizi waipate dawa hiyo pale muuguzi anapoona inawafaa, hasa aliyewahi kupata preeklampsia au mwenye mapacha. Si dawa ya kujinunulia sokoni.

Na kabla ya aspirini kuna mashine ya tansio. Kituo cha afya kinachompima mama uzito na kumwacha aende bila kupima tansio hakijafanya CPN, hata kama karatasi imejazwa. Sulfati ya magnesiamu nayo lazima iwe kabatini: jaribio kubwa la Magpie lilionyesha tangu 2002 kwamba inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Miaka zaidi ya 20 imepita. Mama kutumwa famasi usiku kuitafuta, mume akikimbia na pikipiki huku mvua inanyesha, hiyo si bahati mbaya tena. Ni uamuzi wa wale wanaogawa pesa za dawa, na wao ndio wa kuulizwa, si mke mwenza.